Je, uhaba wa metali ndio unaozuia umeme wa "myeyungano baridi"? Tumepiga hesabu, kuanzia Kihansi hadi Mahenge

Habari ya nishati mpya ikifika Ifakara, hufika na maswali mawili: itakuja lini, na itauzwa bei gani. Safari hii wasikilizaji wetu wameongeza la tatu, na sisi tunaona ndilo zuri kuliko yote. Kama kweli wanasayansi walitangaza tangu 1989 kwamba chupa ya maji yenye kipande cha metali ndani yake inaweza kutoa nishati ya nyuklia, kwa nini mpaka leo kuna vitongoji bondeni vinavyolalia tochi? Je, ni kwa sababu metali yenyewe ni adimu mno?

Jibu fupi ni kwamba metali hiyo ni adimu kweli, lakini siyo iliyokwamisha jambo. Jibu refu linastahili dakika chache za kusoma, kwa sababu swali hilo hilo la metali adimu linagusa simu uliyoishika, taa ya sola iliyoko juu ya bati lako, na mlima ulioko ng'ambo ya Mto Kilombero.

Chupa ya Utah

Tarehe 23 Machi 1989, katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, wanakemia wawili, Martin Fleischmann na Stanley Pons, waliita waandishi wa habari. Walisema wamejaza maji mazito kwenye chombo cha kioo, wakazamisha humo kipande cha metali iitwayo paladiamu, wakapitisha umeme, na joto lililotoka likazidi umeme walioingiza. Ziada hiyo, walisema, ilikuwa kubwa kupita kemia yoyote inayojulikana. Kwa maoni yao, viini vya atomu vilikuwa vinaungana.

Maji mazito si uchawi. Ni maji ambayo haidrojeni yake ni ya aina nzito, iitwayo deuteriamu. Katika kila atomu 6,400 hivi za haidrojeni zilizomo kwenye maji ya kawaida, moja ni ya aina hiyo. Imo baharini, imo Lumemo, imo kwenye ndoo yako ya maji ya kunywa. Viini viwili vya deuteriamu vikiungana hutoa nguvu kubwa kuliko moto wowote wa kuni au wa mafuta. Wataalamu huita tendo hilo myeyungano. Ni kinyume cha mitambo ya nyuklia inayotumia urani, kama ile iliyoko ardhini kwetu Mkuju, wilayani Namtumbo, kwani yenyewe hupasua kiini kikubwa badala ya kuunganisha vidogo.

Taabu ni kwamba viini hukataana, kama sumaku mbili ukizielekeza upande mmoja. Ili kuvilazimisha viungane panahitajika joto la mamilioni ya nyuzi, na hivyo ndivyo mataifa makubwa yanavyohangaika kufanya katika mradi wa ITER kusini mwa Ufaransa. Fleischmann na Pons walidai wamefanikiwa kwenye joto la chumbani, ndiyo maana jambo likaitwa myeyungano baridi. Siri, walisema, iko kwenye paladiamu. Metali hii hunywa haidrojeni kama sifongo linavyonyonya maji. Kipande kidogo kinaweza kumeza gesi yenye ujazo mkubwa mara mamia kuliko chenyewe, na ndani yake atomu zikasongamana.

Kwa hiyo kuni za moto huu, yaani deuteriamu, ziko kila mahali. Kilicho adimu ni chungu. Tunaomba msikilizaji ashike mfano huo wa chungu na kuni, tutaurudia.

Mtihani ambao Ifakara inaujua

Baada ya tangazo lile maabara nyingi duniani zilirudia jaribio. Zilinunua paladiamu, zikachemsha, zikapima. Harwell ya Uingereza, MIT na Caltech za Marekani, zote hazikuona joto la ziada wala dalili za viini kuungana. Jambo moja liliwatia shaka wanafizikia tangu mwanzo. Kama viini vingekuwa vinaungana kwa njia inayojulikana, kwa wingi wa kutoa joto lile lililotangazwa, miale ya nyutroni ingetosha kuwaua waliokuwa chumbani. Wote walikuwa wazima. Novemba 1989 jopo la Wizara ya Nishati ya Marekani likasema ushahidi hautoshi kuthibitisha, na lilipoundwa jopo jingine mwaka 2004, hitimisho halikubadilika sana.

Wapo wanaosema huo ulikuwa wivu wa wakubwa, au njama za kampuni za mafuta. Sisi watu wa Kilombero hatuna sababu ya kulikubali hilo haraka, kwa kuwa mtihani wa namna hiyo umefanyika hapa hapa kwetu mara mbili, na majibu yakaja tofauti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilijaribu chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na daktari Manuel Patarroyo wa Colombia. Watoto walikuwa wa Idete. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionesha kinga ya asilimia 31, na dunia ikashangilia. Halafu chanjo hiyo ikajaribiwa Gambia, haikukinga. Ikajaribiwa Thailand, haikukinga. Ikarudishwa bondeni kwetu kwa watoto wachanga, haikukinga. Ikaachwa. Hakuna aliyesema Wagambia wana wivu na watu wa Idete.

Jaribio la pili ni la vyandarua vyenye dawa. Hapa hapa Kilombero na Ulanga vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001. Kenya, Ghana na Gambia walikuwa wameshaona faida hiyo hiyo. Ndiyo sababu leo chandarua ni jambo la kawaida hadi kwenye kibanda cha kulindia mpunga.

Kitu cha kweli hukubali kurudiwa na mtu asiyekufahamu na asiyekupenda. Chupa ya Utah ilishindwa mtihani huo mwaka 1989, na imeendelea kushindwa. Kuanzia mwaka 2015 kampuni ya Google ililipia kundi la watafiti wapatao 30 kutoka vyuo kadhaa, wakiwa na vifaa bora kuliko vile vya Utah. Taarifa yao ya mwaka 2019 ilisema hawakuona dalili yoyote ya myeyungano baridi.

Kilichoamsha mazungumzo upya ni taarifa ya Agosti 2025 kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Watafiti wa huko walirusha chembe za deuteriamu kwa kasi kwenye kipande cha paladiamu, huku upande wa pili wakikilisha deuteriamu zaidi kwa umeme. Idadi ya viini vilivyoungana ikapanda kwa wastani wa asilimia 15. Hili ni jambo la kweli na la kupendeza kwa wanasayansi. Lakini mtambo wao ulikula wati 15 na kutoa kiasi cha sehemu moja ya bilioni ya wati. Ni kama kulima ekari nzima ukavuna sehemu ndogo ya punje moja ya mpunga. Wenyewe hawakudai kuwa wamepata chanzo cha umeme. Waliodai ni watu wa mitandaoni.

Tuseme ingekuwa kweli

Sasa turudi kwenye swali la wasikilizaji. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba Fleischmann na Pons walikuwa sahihi. Je, paladiamu ingetutosha?

Katika andiko lao la 1989 walisema joto linaweza kuzidi wati 10 kwa kila sentimita moja ya ujazo ya paladiamu. Kipande hicho ni kidogo kama dadu, na kwa sababu metali hii ni nzito, kina uzito wa gramu 12. Joto lenyewe si umeme. Ukiligeuza kuwa umeme kwa mtambo wa mvuke, unabaki na theluthi moja hivi. Kwa hiyo ili kupata wati 10 za umeme, unahitaji dadu tatu, yaani gramu 36.

Tuanze na Kihansi, mtambo ulioko kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mpakani mwa Morogoro na Iringa. Una uwezo wa megawati 180. Ili upate megawati 180 kwa njia ya Utah, ungehitaji karibu tani 650 za paladiamu. Migodi yote ya dunia hutoa kama tani 200 na kitu kwa mwaka. Maana yake Kihansi peke yake ingemeza paladiamu ya dunia nzima ya miaka mitatu. Ukienda Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, ambalo zaidi ya nusu ya maji yake hutoka kwenye Mto Kilombero wetu, ungehitaji tani 7,600 hivi. Hiyo ni miaka 36 ya uchimbaji wa dunia, bila kumwachia mtu mwingine hata gramu.

Sasa shuka mpaka nyumbani. Taa na chaji ya simu, tuseme wati 10. Hata ukikadiria paladiamu kwa dola 30 tu kwa gramu, gramu 36 ni dola 1,080. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi milioni 2 na laki 7, kabla hujanunua chombo chenyewe, maji mazito wala fundi. Linganisha na kisola cha wati 10 kinachouzwa kwenye maduka ya mjini Ifakara. Ni kweli kisola hulala usiku na kuchoka siku za mawingu. Basi nunua vitano na betri juu yake. Bado hukaribii milioni 2 na laki 7.

Kwa hesabu hiyo, mtu angesema uhaba wa metali unaua kabisa ndoto hii. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema hivyo. Kumbuka chungu na kuni. Kuni zikiungua zimekwisha, lakini chungu kinabaki. Paladiamu katika jaribio lile haikuwa inaliwa. Ilikuwa imeshikilia tu. Metali ya namna hiyo unainunua mara moja, unaitumia miaka, halafu unaiyeyusha na kuitumia tena. Zaidi ya hapo, fundi mwenye akili hajengi chungu kinene kama tofali. Sehemu kubwa ya paladiamu ya dunia leo iko kwenye mabomba ya moshi ya magari, ndani ya kifaa chenye matundu kama masega, inakosafisha moshi. Gari zima linatumia gramu chache tu, kwa sababu metali imepakwa nyembamba mno juu ya udongo wa kauri. Kama myeyungano baridi ungekuwa kweli na ungetokea juu ya ngozi ya metali tu, wahandisi wangepunguza zile tani 7,600 mara kumi, pengine mara mia.

Na wangeanza mara moja kutafuta metali ya bei nafuu. Walishaanza. Mwaka 2011 Mwitaliano Andrea Rossi alidai kuwa na mtambo unaofanya kazi hiyo kwa nikeli badala ya paladiamu. Nikeli si adimu. Dunia huchimba zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka, na nyingine iko Kabanga, wilayani Ngara, inasubiri. Kwa hiyo kama kikwazo kingekuwa metali, dai la Rossi lingekiondoa siku hiyo hiyo. Miaka mingi imepita, wanasayansi hawajalikubali dai lake, na hakuna kijiji popote kinachowashwa na mtambo huo. Kwetu huo ndio ushahidi mzito kuliko hesabu zote za tani: ulipotajwa mtambo wenye chungu cha bei nafuu, moto haukuwaka vilevile.

Uhaba hutembea

Lakini hatutaki msikilizaji abaki na wazo kwamba metali adimu ni hadithi tu. Kwenye nishati zinazofanya kazi kweli, uhaba upo na unauma. Ila hauko pale tunapodhani.

Chukua paladiamu yenyewe. Karibu nne kwa tano ya inayochimbwa duniani hutoka nchi mbili, Urusi na Afrika Kusini. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wakia moja ilipita dola 3,000. Miaka miwili baadaye ilikuwa imerudi kwenye dola 1,000 hivi. Ardhi haikubadilika hata chembe katika muda huo. Kilichobadilika ni hofu ya wanunuzi, na viwanda vya magari vilivyoanza kutumia platinamu mahali pa paladiamu.

Kobalti ni mfano ulio karibu nasi zaidi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi, na ilikuwa ikitegemewa kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango maalumu vya kuuza. Ungetarajia viwanda vya betri duniani vifunge milango. Havikufunga. Viwanda vingi, hasa vya China, vilikuwa vimehamia kwenye betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti wala nikeli. Betri nyingi za sola zinazouzwa leo ni za aina hiyo. Mwenye kobalti alipobana, mnunuzi alikuwa tayari amepata njia ya pembeni.

Hili ni onyo kwa kila anayefikiri kwamba kukalia madini adimu ni sawa na kukalia utajiri. Nasi tumeyakalia.

Kinywe cha Mahenge

Ng'ambo ya daraja la Magufuli, wilayani Ulanga, kuna kinywe. Wengine wanayaita madini ya penseli. Tuseme wazi kwamba kinywe si metali. Ni kaboni, ndugu wa makaa na wa almasi. Lakini kwenye orodha za madini ya nishati mpya kinasimama mstari mmoja na kobalti na lithiamu, kwa sababu upande mmoja wa karibu kila betri ya lithiamu umetengenezwa kwa kinywe. Simu yako ina gramu kadhaa. Gari la umeme linabeba makumi ya kilo. Na betri ile ya chuma na fosfati iliyoitoroka kobalti, yenyewe bado inahitaji kinywe.

Mwamba wa Mahenge ni mkubwa. Mradi wa kampuni ya Faru Graphite, ambao Black Rock Mining ya Australia ina hisa asilimia 84 na Serikali ya Tanzania asilimia 16, umepimwa kuwa na zaidi ya tani milioni 200 za mwamba wenye kinywe cha karibu asilimia 8. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2022. Benki ya CRDB ni miongoni mwa wakopeshaji, pamoja na taasisi mbili za fedha za Afrika Kusini, na kampuni ya POSCO ya Korea Kusini imeingia kama mnunuzi na mwekezaji. Kuna na mradi wa pili, Epanko, wa kampuni nyingine ya Australia iitwayo EcoGraf. Mpango wa Faru ni kushusha mzigo kwa barabara mpaka Ifakara, kisha kuupakia kwenye reli ya TAZARA kwenda bandari ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo ukiuliza kama madini yapo, yapo. Swali linalofuata ndilo gumu: kama kinywe kiko tele Mahenge, na kingine tele Msumbiji na Madagaska, kwa nini Marekani na Ulaya wanalia kwamba ni adimu? Kwa sababu kinywe kinachotoka mgodini hakiingii kwenye betri. Lazima kisafishwe hadi kikaribie kaboni tupu, kisagwe, kiviringishwe kuwa vidonge vidogo kuliko unga, kisha kipakwe. Kazi hiyo karibu yote hufanyika China. Desemba 2023 China ilipoanza kudai kibali kwa kila mzigo wa kinywe cha betri unaotoka nje, dunia nzima ikagutuka. Uhaba ulikuwa kiwandani, wala haukuwa mlimani. Tena China inatengeneza kinywe cha bandia kutokana na masalia ya mafuta, na hicho ndicho kinachotumika zaidi kwenye betri. Mahenge ina mshindani asiyehitaji mlima.

Ukitaka kuona hatari yake, vuka Ruvuma. Balama, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ni moja ya migodi mikubwa ya kinywe duniani. Bei iliposhuka, kampuni ya Syrah iliyoko huko ikawa inachimba kwa kusuasua. Mwishoni mwa 2024 wakulima waliokuwa na madai ya tangu walipohamishwa wakaandamana, na Desemba mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake. Kinywe kilikuwepo ardhini wakati wote. Kilichokosekana ni bei nzuri na maelewano na watu waliokuwa wakilima pale juu.

Sisi tunayasoma hayo kama mambo mawili kwa bonde hili. Mgodi wa kinywe hauna uhakika wa bei kwa sababu tu dunia inataka betri. Na malalamiko ya ardhi yakiachwa yalale, huamka siku mbaya. Wenzetu wa Ulanga wanaofuatilia fidia na maeneo ya kuhamia hawasumbui maendeleo. Wanafanya kazi ambayo Balama ilichelewa kuifanya.

Yanayotubana hapa

Tukirudi kwenye umeme, kinachoubana bondeni ni vitu vyenye majina ya kawaida sana. Mto wetu unazungusha mitambo ya Rufiji. Kihansi iko mgongoni kwetu, Kidatu yenye megawati 204 iko mlangoni. Ifakara imejengewa kituo cha kupoza umeme. Kuunganishiwa kijijini kupitia mpango wa REA ni shilingi 27,000. Bado kuna kitongoji kinachoona waya ukipita juu bila kushuka, kwa sababu nguzo hazijafika, transfoma ni ndogo, au nyumba ziko mbali na njia. Nguzo ni mti au zege, waya ni aluminiamu, transfoma ni chuma na shaba. Hakuna paladiamu hapo. Mwenye kutuambia kwamba tunakosa umeme kwa sababu ya siri za metali adimu anatupotezea muda ambao tungeutumia kumuuliza diwani transfoma ya kitongoji iko bajeti ya mwaka gani.

Na hapa tuna neno kwa wanaotafutwa na madalali. Watu wa mkoa huu wanajua habari za rupia za Mjerumani na za zebaki nyekundu: jamaa huja na picha, bei ya mamilioni ya dola, mnunuzi wa siri kutoka nje, na ada ndogo ya "kupima" ambayo wewe unatangulia kulipa. Mitambo ya umeme wa maji na metali adimu inaweza kuuzwa kwa wimbo huo huo. Njia ya kumpima ni ile ya Idete. Mwambie auache mtambo kwa mwenyekiti wa kijiji wiki mbili, ukiwa umechomolewa kwenye umeme na kwenye betri, ukiwasha taa moja. Fundi umeme asiyemjua awe anapita kuupima kila siku. Usitoe hela kabla wiki hizo hazijaisha. Mwenye kitu cha kweli hatakasirika.

Kwa mzigo wa Mahenge, kuna hesabu nyingine ya kufuatilia. Sheria inaipa halmashauri ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni. Ni sehemu ndogo, lakini ya mauzo, haisubiri faida itangazwe.  Mgodi uko Ulanga. Malori yatapita daraja letu na kupakua stesheni ya Ifakara. Vumbi na mashimo ya barabara vitagawanywa kwa halmashauri zote mbili, lakini ushuru hufuata mahali biashara ilipo. Madiwani wa Mji wa Ifakara hukutana kila robo mwaka, na kikao chao kiko wazi kwa wananchi kukaa na kusikiliza. Hatujasikia swali hilo likiulizwa humo kwa sauti, na tungependa kulisikia kabla behewa la kwanza halijajazwa.